Wachungaji, Vibarua na Hojaji: Mwanzo wa Utafiti wa Kijamii katika Ujerumani

Wanafunzi wa theolojia walisikiapo jina la Max Weber, aghalabu hukumbuka kitabu kimoja tu, kile kihusucho maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari, ambacho kilitoka kwanza kama makala katika miaka ya 1904 na 1905. Ni haki kitabu hicho kikumbukwe. Lakini miaka kumi na miwili kabla yake, Weber huyo huyo, akiwa bado mwanasheria kijana asiyejulikana sana, alishiriki kuwaandikia wachungaji wa Kiinjili wa Ujerumani nzima kuwaomba waeleze jinsi vibarua wa mashambani walivyoishi katika sharika zao: walikaa katika nyumba za namna gani, walilipwa kwa fedha au kwa nafaka, walikuwa na deni kwa nani, na kwa nini wengi wao walikuwa wakihama. Habari hiyo haisimuliwi mara nyingi. Katika makala hii twakusudia kuisimulia, pamoja na mambo yaliyoitangulia na yaliyoifuata, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo sosholojia ya Kijerumani ilihangaika nalo kwa muda wa zaidi ya karne moja: ukitaka kuijua hali ya mtu maskini, umwulize nani?

Vitabu vya ubatizo na vitabu vya hesabu

Yafaa tuanze mbali kidogo. Kabla sosholojia haijapata jina wala kiti katika vyuo vikuu, tayari wapo waliohesabu watu na kuyatafakari yale waliyoyahesabu, na mmoja wa wa kwanza kati yao alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1741 Johann Peter Süssmilch, aliyekuwa mchungaji wa jeshi la Prusia, alichapisha kitabu kuhusu utaratibu wa Mungu katika mabadiliko ya jamii ya wanadamu. Malighafi yake ilikuwa ile iliyomo katika kabati la kila usharika: vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi. Kwa kuvijumlisha vitabu vya sharika nyingi aliona kwamba kwa kila wasichana 20 waliozaliwa, walizaliwa wavulana 21, na kwamba wavulana walikufa kwa wingi zaidi utotoni, hata wafikiapo umri wa kuoa hesabu ya pande mbili ikakaribia kuwa sawa. Kwake hilo halikuwa jambo la kubahatisha. Aliliona kuwa mkono wa Muumba unaotunza ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Leo hatuwezi kuifuata hoja yake hatua kwa hatua, lakini elimu ya idadi ya watu hadi sasa humtaja miongoni mwa waasisi wake.

Karne iliyofuata takwimu zilitoka mikononi mwa wachungaji zikaingia katika ofisi za serikali. Katika Saxony, Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo sehemu ya mapato yake inayokwenda kwa chakula inavyokuwa kubwa. Kanuni hiyo bado yafundishwa kwa jina lake. Wakati huo huo wengine walistaajabia jambo la kutisha zaidi: hesabu ya watu wanaojiua, wanaoiba na wanaozaa nje ya ndoa ilirudi karibu ile ile mwaka baada ya mwaka. Je, mwanadamu ana uhuru wa nia, au amefungwa na tarakimu? Mbelgiji Adolphe Quetelet alikuwa amezungumza juu ya fizikia ya jamii, na wapo waliochukua maneno hayo kuwa ndiyo kifo cha maadili.

Aliyejibu kwa kirefu alikuwa tena Mlutheri, Alexander von Oettingen, profesa wa theolojia katika Dorpat, mji ambao siku hizi waitwa Tartu na umo katika Estonia. Kitabu chake juu ya takwimu za maadili na mafundisho ya Kikristo kilianza kutoka mwaka 1868. Oettingen hakuzikataa tarakimu. Alisema zaonyesha kwamba mtu hatendi dhambi peke yake kama kisiwa, bali amo katika mwili wa jamii, na hatia pia ina upande wake wa pamoja. Ni katika kitabu hicho neno la Kijerumani la maadili ya jamii, ambalo sasa limeenea katika mitaala ya vyuo vyetu, lilipata mahali pake katika theolojia. Wengi hulitumia pasipo kujua kwamba lilizaliwa katikati ya majedwali ya wahalifu na wazinzi. Émile Durkheim alipoandika kitabu chake juu ya kujiua mwaka 1897, alizitumia takwimu za Oettingen.

Mabwana wa mashamba waulizwa

Mwezi Oktoba 1872 wataalamu wa uchumi, maofisa na baadhi ya wenye viwanda walikutana Eisenach, na katika mkutano huo kikazaliwa chama kilichoitwa Verein für Socialpolitik, yaani Chama cha Sera ya Jamii. Gustav Schmoller, Lujo Brentano na Adolph Wagner walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Hawakupenda mapinduzi, wala hawakukubali kwamba soko liachwe lijiendeshe lenyewe huku watu wakiangamia. Wapinzani wao waliwacheka kwa kuwaita wajamaa wa kiti cha uprofesa. Chama kiliamini kwamba sheria njema hutanguliwa na uchunguzi mwema, na kwa hiyo kikafanya uchunguzi mwingi sana: juu ya mafundi wadogo, riba za vijijini, makazi ya mijini, kazi za nyumbani.

Hata hivyo njia yake ilikuwa na ulemavu mmoja. Waliotumiwa maswali walikuwa watu wenye cheo: wenye mashamba, mahakimu, wakuu wa wilaya. Mfanyakazi alizungumziwa, hakuzungumza.

Uchunguzi ulio mashuhuri kuliko yote ulianza mwishoni mwa 1891, nao ulihusu vibarua wa mashambani. Hojaji zilipelekwa kwa wenye mashamba zaidi ya 3,000, na wengi wao walijibu. Majibu yakagawanywa kwa waandishi kadhaa, na sehemu ngumu zaidi, ile ya majimbo ya Prusia yaliyo mashariki ya mto Elbe, akapewa Weber, ambaye alikuwa hajafikisha miaka 29. Katika muda wa miezi michache alitoa kitabu cha kurasa karibu 900, kilichochapwa mwaka 1892.

Ili kufahamu aliyoyaona, hatuna budi kueleza hali ya nchi ile. Mashariki ya Elbe ardhi ilishikwa na makabaila wenye mashamba makubwa mno. Kibarua wa zamani alifunga mapatano ya mwaka mzima, yeye na familia yake. Alipewa nyumba, kipande cha ardhi, ruhusa ya kulisha ng'ombe wake, na sehemu ya nafaka aliyoipura wakati wa baridi. Hakuwa huru, lakini alikuwa na hisa katika mavuno ya bwana wake: mwaka ukiwa mwema, wote wawili walishiba, mwaka ukiwa mbaya, wote wawili walilalamika. Kisha ikaja nafaka ya bei nafuu kutoka ng'ambo, ikaja mashine ya kupura, yakaja mashamba ya viazisukari yanayohitaji mikono mingi kwa miezi michache tu. Bwana akaona ni faida kulipa fedha taslimu badala ya kugawana mavuno, na kuwaleta vibarua wa msimu, Wapolandi kutoka upande wa Urusi na wa Austria, ambao angeweza kuwarudisha kwao baada ya mavuno. Vibarua Wajerumani wakazidi kuhama kwenda Berlin, kwenye viwanda vya magharibi, na Marekani.

Jambo lililomshangaza Weber, na ambalo twaliona kuwa kiini cha kitabu chake, ni kwamba njaa peke yake haikutosha kueleza kuhama huko. Wapo walioondoka mahali ambapo tumbo lao lilishiba vizuri zaidi kuliko mjini walikokwenda. Walitaka kuondoka chini ya mkono wa bwana hata kama uhuru huo ungekuwa na bei, hata kama ungekuwa ndoto. Mtafiti aliyekwenda kuhesabu magunia ya rai na vipande vya ardhi alirudi akizungumza juu ya matamanio ya moyo.

Lakini alijuaje, ikiwa waliojibu walikuwa mabwana tupu? Weber alilijua kosa hilo na alilisema wazi. Alikiri kwamba barua za wenye mashamba zilimwonyesha vizuri zaidi yale ambayo bwana huyaona kuwa ya kawaida kuliko yale ambayo kibarua huyaona kuwa ya haki. Uchunguzi wa pili ulihitajika, na ulihitaji shahidi mwingine.

Mwanafunzi wa theolojia kiwandani

Hapa ndipo anapoingia Paul Göhre. Alizaliwa mwaka 1864, mwaka ule ule wa Weber, akasomea theolojia. Katika kiangazi cha 1890 alivaa nguo kuukuu, akaacha nywele na ndevu bila kutunzwa, akaenda Chemnitz kuomba kazi katika kiwanda cha mashine kama kibarua asiye na ufundi. Alikaa huko miezi mitatu. Alifanya kazi mchana, jioni aliketi na wenzake au kwenda nao katika mikutano ya chama cha kisoshalisti, na usiku akaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1891, kikasomwa na watu wengi kupita matarajio.

Tusisahau majira yale. Sheria iliyokataza vyama vya kisoshalisti ilikuwa imefikia mwisho wake mwaka 1890, na Bismarck alikuwa ameondoka madarakani mwaka huo huo. Mwezi Aprili 1890 hata Baraza Kuu la Kanisa la Kiinjili la Prusia liliwahimiza wachungaji wajishughulishe na matatizo ya wafanyakazi. Mwaka huo pia lilianzishwa Kongamano la Kiinjili la Mambo ya Jamii, ambamo walikaa pamoja, kwa muda, watu wasiofanana: mhubiri wa jumba la kifalme Adolf Stoecker, ambaye chuki yake dhidi ya Wayahudi yajulikana, mwanahistoria wa kanisa Adolf Harnack, na mchungaji kijana Friedrich Naumann. Mwaka 1891 Göhre akawa katibu mkuu wa Kongamano hilo.

Göhre aliandika kwamba wafanyakazi wengi hawakuwa wameuelewa sana uchumi wa Marx, na katika siasa wengi wao walikuwa wapole kuliko viongozi wao. Lakini imani waliyofundishwa utotoni ilikuwa imebomoka. Hakuwalaumu. Alisema kanisa liliwajia na majibu ya maswali ambayo hawakuwa wakiyauliza. Baadhi ya wanatheologia walikasirika kwamba mtheologia amejificha miongoni mwa wasioamini kama mpelelezi, na Weber akaandika makala ya kumtetea mwaka 1892 katika gazeti la Kikristo.

Ndipo wawili hao, mwanasheria na mtheologia, walipopanga uchunguzi wao kwa jina la Kongamano. Mwishoni mwa 1892 hojaji ilipelekwa kwa wachungaji wapatao 15,000. Kwa nini wachungaji? Kwa sababu mchungaji wa kijijini aliingia katika nyumba ya bwana na katika kibanda cha kibarua pia. Alizika watoto wa wote wawili. Maswali hayakuishia kwenye mshahara. Yaligusa deni, elimu ya watoto, magomvi, ulevi, tabia ya kuweka akiba, na jinsi watu walivyoyaona maisha yao.

Yalirudi majibu yapata 1,000. Weber aliyasifu, na ni kweli kwamba wapo wachungaji ambao hawakuridhika na kuandika kutoka mezani, bali walikwenda kuwauliza vibarua wenyewe. Mwezi Mei 1894 yeye na Göhre walitoa taarifa mbele ya Kongamano mjini Frankfurt, na kuanzia mwaka 1899 wanafunzi wa Weber walichapisha sehemu ya majibu. Sehemu kubwa haikuchambuliwa kamwe.

Sisi tunaosoma habari hii katika chuo kinachoandaa wachungaji hatuwezi kuwapita hivi hivi wale 14,000 walionyamaza. Bila shaka wengine walikuwa na kazi nyingi, na hojaji ilikuwa ndefu. Lakini kuna jambo jingine. Katika sehemu nyingi za mashariki ya Elbe, mwenye shamba ndiye aliyekuwa na haki ya kumteua mchungaji wa usharika. Paa la nyumba ya mchungaji lilitengenezwa kwa fedha zake. Kumwomba mtu wa namna hiyo aandike ukweli juu ya vibanda vya vibarua wa bwana huyo ni kumwomba aukate mti alioukalia. Kwa hiyo shahidi aliyedhaniwa kusimama katikati hakusimama katikati sana. Weber alikuwa ameziba tundu moja akakuta lingine.

Tena kulikuwa na watu ambao hawakuulizwa na upande wowote. Wapolandi wa msimu walikuwa Wakatoliki. Hojaji iliyopelekwa kwa wachungaji wa Kiinjili haikuwafikia, na wenye mashamba waliwataja kama mikono tu. Katika hotuba yake ya kuingia kazini Freiburg mwaka 1895, Weber aliwazungumzia kwa dharau isiyofichika, kama watu wanaoshinda kwa sababu ya uchache wa mahitaji yao, akaidai serikali iufunge mpaka wa mashariki. Wapo wanaompenda Weber ambao huipita hotuba hiyo haraka. Sisi twaona ni afadhali isomwe pamoja na kitabu cha 1892, kwa maana mtu yule yule aliyeusikia moyo wa kibarua Mjerumani kupitia barua za bwana wake hakuusikia moyo wa kibarua Mpolandi hata kidogo.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1890 haukukaa wazi muda mrefu. Mwezi Desemba 1895 Baraza Kuu la Kanisa liligeuka, likawaonya wachungaji wajiepushe na harakati za kijamii na kisiasa. Stoecker alitoka katika Kongamano mwaka 1896. Göhre aliacha uchungaji, akajiunga na chama cha Kisoshalisti, na baadaye akatoka katika kanisa lenyewe. Hata hivyo kazi yake ya utafiti haikukoma. Kuanzia 1903 alihariri na kutoa vitabu ambamo wafanyakazi walisimulia maisha yao wenyewe. Cha mwaka 1911 kiliandikwa na Franz Rehbein, mzaliwa wa Pomerania, aliyekuwa kibarua wa mashambani hadi mashine ya kupura ilipomkata mkono mwaka 1895. Mambo ambayo wenye mashamba 3,000 na wachungaji 15,000 walikuwa wameulizwa, sasa aliyajibu mtu aliyeyaishi, akiandika kwa mkono uliobaki.

Wafanyakazi waulizana

Mwaka 1907 Adolf Levenstein, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyakazi aliyejielimisha, alianza kutuma hojaji kwa wachimba migodi, wafumaji na mafundi chuma. Hadi alipomaliza alikuwa ametoa hojaji 8,000, na zilirudi 5,040. Ulinganisho na majibu ya wachungaji hauhitaji maelezo. Watu hujibu wanapoulizwa na mmoja wao, na wanapoulizwa habari zao.

Maswali yake yalikuwa 26, na mengine hata leo mtafiti angesita kuyaandika. Aliuliza juu ya mshahara na saa za kazi, ndiyo, lakini pia: wafikiri nini ukiwa kazini? Ungefanya nini kama ungekuwa na muda wa kutosha? Je, wamwamini Mungu, au umetoka katika kanisa? Waenda mwituni mara nyingi, na ukilala chini peke yako katika ukimya, wawaza nini? Majibu mengi yalikuwa mafupi. Mengine yalikuwa barua za kurasa nyingi, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kuulizwa kitu kama hicho.

Levenstein alipenda kuchapisha barua zilizomgusa. Weber, katika makala ya mwaka 1909, alimsihi ahesabu kwanza: apange majibu kwa kazi, kwa umri, kwa mshahara, ndipo aone ni fikra za aina gani zinazorudi na kwa nani. Levenstein alikubali kwa shingo upande, na kitabu chake cha 1912 kina majedwali na barua pia. Katika hili twaona pande zote mbili zilikuwa na haki yao. Bila jedwali, barua moja nzuri humdanganya msomaji kwamba wote ni hivyo. Bila barua, jedwali ni kama rejista ya mazishi, lina majina yote na halina kilio.

Miaka hiyo hiyo Weber alikaa katika kiwanda cha kitani cha ukoo wa mkewe huko Oerlinghausen akipima jinsi utendaji wa wafumaji ulivyopanda na kushuka siku hadi siku, na Marie Bernays akafanya kazi katika kiwanda cha nyuzi cha Mönchengladbach mwaka 1908 bila kujitambulisha, kama Göhre alivyofanya kabla yake. Mwezi Januari 1909 Chama cha Sosholojia cha Ujerumani kiliundwa mjini Berlin, Ferdinand Tönnies akawa rais wake. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Frankfurt mwaka 1910, na Ernst Troeltsch alikuwa mmoja wa wasemaji. Weber alitaka chama hicho kiwe cha utafiti, kisiwe cha kuhubiri: mtafiti aseme lililopo, wala asitumie kiti cha elimu kuamuru lililo jema. Ubishi juu ya jambo hilo ulikuwa mkali, na haujaisha. Mpango wake wa kuchunguza magazeti ulishindikana, naye akajitenga.

Tönnies twamtaja kwa sababu nyingine pia. Kitabu chake cha 1887 kilitofautisha jumuiya, yenye mizizi ya undugu na ujirani, na jamii ya mapatano na biashara. Mawazo yanayofanana na hayo yalifika Kilimanjaro. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyeanza kazi miongoni mwa Wachagga mwaka 1902, aliona katika ukoo, ujirani na rika vifungo ambavyo usharika ujengwe juu yake, si badala yake. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Gutmann alikaa miaka na wazee akiandika walivyosema, na kwa hilo aliwazidi wengi waliotuma hojaji kwa posta. Lakini yeye ndiye aliyechagua nini kiitwe cha asili na nini kiitwe uharibifu wa mjini, na vijana wa Moshi waliotaka shule na kahawa hawakukubaliana naye daima.

Hojaji zilizokimbizwa

Baada ya vita ya kwanza utafiti ulipata nyumba zake: taasisi ya Köln mwaka 1919, na Taasisi ya Utafiti wa Kijamii ya Frankfurt iliyofungua jengo lake mwaka 1924. Katika taasisi hii ya pili, Erich Fromm na Hilde Weiss walianza mwaka 1929 kuwahoji wafanyakazi wa viwandani na wa maofisini. Hojaji ilikuwa na maswali 271. Zilitolewa 3,300, zikarudi 1,100. Fromm hakutaka kujua tu mtu anapigia kura chama gani. Alitaka kujua kama moyo wake wakubaliana na kura yake. Kwa hiyo aliuliza juu ya adhabu ya watoto, picha zilizotundikwa ukutani, wanawake kufanya kazi. Alikuta kwamba wengi waliokipigia kura chama cha mrengo wa kushoto walikuwa, ndani yao, watu wa kutii mwenye nguvu.

Mwaka 1933 polisi waliifunga taasisi hiyo. Hojaji zilisafirishwa kwenda uhamishoni, nyingi zikapotea, na zilizobaki 584 zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1980 tu. Theodor Geiger, aliyekuwa ametoa mwaka 1932 uchunguzi wa matabaka ya Wajerumani, alikimbilia Denmark. Chama cha Sosholojia kilinyamazishwa.

Yapo maelezo yasemayo kwamba utafiti ulikufa mwaka huo. Si kweli, na hapa lazima tuseme wazi. Waliofukuzwa walifukuzwa, lakini wapo waliobaki wakaendelea kupima, kuhesabu na kuchora ramani za vijiji. Utawala wa Hitler ulihitaji elimu hiyo. Konrad Meyer, profesa wa kilimo aliyeongoza umoja wa watafiti wa mipango ya ardhi tangu 1936, ndiye baadaye aliyesimamia utungaji wa ule mpango wa mashariki uliokusudia kuwaondoa mamilioni ya Wapolandi na watu wengine katika nchi yao. Ardhi ya mpango huo iliendelea kutoka pale pale yalipokuwa mashamba ya 1892. Hatusemi kwamba hojaji za Weber zilizaa jambo hilo. Kati yake na Meyer ipo tofauti ya mbingu na nchi. Twasema tu kwamba watu ambao hakuna aliyewauliza mwaka 1892 walikuwa, baada ya miaka hamsini, tarakimu za kufutwa katika jedwali la mtaalamu.

Baada ya 1945 mambo yalikwenda upesi. Wamarekani walikuja na njia ya sampuli, ambayo waliikuza kwa sehemu kwa msaada wa wakimbizi wa Kijerumani na Kiaustria wenyewe. Taasisi ya Allensbach ilianza kupima maoni ya watu mwaka 1947. René König alijenga shule ya utafiti Köln, Max Horkheimer na Theodor Adorno walirudi Frankfurt, na mwaka 1961 Adorno na Karl Popper walibishana Tübingen juu ya mantiki ya sayansi za jamii, ubishi ambao wanafunzi wa falsafa wanaujua zaidi kuliko tafiti zenyewe.

Kanisa nalo lilirudi kwenye hojaji. Watu walikuwa wakitoka kanisani kwa wingi, na mwaka 1972 Kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilifanya uchunguzi wa kwanza wa washiriki wake katika sehemu ya magharibi. Matokeo yalitoka mwaka 1974 katika kitabu kilichouliza kanisa ni imara kiasi gani. Tangu hapo uchunguzi umerudiwa kila baada ya miaka kumi, ukiingiza majimbo ya mashariki baada ya muungano wa nchi. Ule wa sita, wa mwaka 2022, ulikuwa wa kwanza kushirikiwa na Kanisa Katoliki, na uliwauliza pia watu wasio na kanisa lolote. Wanaojibu ni watu wenyewe, wamechaguliwa kwa sampuli. Mchungaji, ambaye Weber na Göhre walimwandikia ili aseme kwa niaba ya wengine, yumo bado katika hojaji hizo, ila safari hii yumo upande wa maswali: watu huulizwa kama wanamfahamu.